Nguvukazi ya Morisi na Sri Lanka: namba za Benki ya Dunia au za BIT? Tathmini kwa watumiaji wa Lubumbashi

Mwanafunzi wa uchumi pale Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akipewa kichwa cha TFC (kazi ya kumaliza masomo) kinachohusu ulinganisho wa nguvukazi ya nchi mbili za visiwa, mahali pa kwanza anapokimbilia ni tovuti ya data ya Benki ya Dunia. Hajakosea, ila atafika nusu ya njia. Hapa tunapima huduma mbili za bure, ile ya Benki ya Dunia na ILOSTAT ya Shirika la Kazi Duniani (kwetu wengi wanaliita BIT), kwa kazi moja tu: kuweka kiwango cha ushiriki katika nguvukazi cha Morisi kando ya kile cha Sri Lanka tangu 1990. Jozi hiyo imechaguliwa makusudi. Nchi zote mbili ziko Bahari ya Hindi, zote zilitawaliwa na Waingereza, zote zilishona nguo za kuuza ng'ambo, na takwimu zao zina karibu kila mtego ambao mtu anaweza kukutana nao.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Benki ya Dunia inashinda kwa wepesi na kwa mega inazokula. ILOSTAT inashinda kwa kukuonyesha namba imetoka wapi. Anayetaka grafiki moja ya utangulizi atosheke na ya kwanza. Anayetaka sura nzima, na asiyependa kubabaika mbele ya jury siku ya kutetea kazi, lazima afungue zote mbili.

Kwanza tukumbushane kinachopimwa. Kiwango cha ushiriki ni watu walio kazini pamoja na wale wasio na kazi lakini wanaitafuta, gawanya kwa watu wote wa umri wa kufanya kazi, mara 100. Mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa 1 tu katika wiki ya utafiti anahesabiwa yuko kazini. Mama anayelea watoto nyumbani bila kutafuta kazi yuko nje. Mwanafunzi asiyefanya kazi wala kuitafuta yuko nje. Mzee wa miaka 80 yuko ndani ya kigawanyo hata kama alistaafu zamani, na huyo mzee ataleta tabu mbele.

Kwenye tovuti ya Benki ya Dunia usiandike maneno kwenye kisanduku cha kutafuta. Utapewa orodha ndefu ya viashiria vinavyofanana majina, na hapo ndipo watu wanapochukua kisicho chao. Tumia kodi, yaani «code», zile herufi za utambulisho wa kiashiria. SL.TLF.CACT.ZS ni kiwango cha watu wote wa miaka 15 na zaidi. SL.TLF.CACT.FE.ZS ni wanawake, SL.TLF.CACT.MA.ZS ni wanaume. SL.TLF.ACTI.ZS ni wa miaka 15 hadi 64. Hizi zote ni makadirio ya modeli ya BIT. Ukiona NE katikati ya kodi, kama SL.TLF.CACT.NE.ZS, hiyo ni namba iliyotolewa na nchi yenyewe kutoka kwenye utafiti au sensa yake. Herufi hizo mbili zinabeba uzito kuliko zote, na tovuti haikufanyi uzione.

Njia ya mkato ni kuandika anwani moja kwa moja: data.worldbank.org/indicator/SL.TLF.CACT.ZS?locations=MU-LK. Grafiki ya nchi zote mbili inafunguka bila kupitia ukurasa wa mbele. Asiyeelewana na Kiingereza achague Kifaransa juu ya ukurasa. Upande wa kulia kuna vitufe vya kushusha CSV, XML na Excel. Faili moja la kiashiria kimoja, lenye nchi zote za dunia, halifiki hata mega 1. Usiguse lile furushi la viashiria vyote kwa pamoja: ni mega mia na zaidi, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya.

Sasa tuje kwenye Excel, maana hapa ndipo saa nyingi zinapotea. Faili la CSV linatenganisha safu kwa koma na desimali kwa nukta. Kompyuta nyingi za huku zimewekwa Kifaransa: zinangoja nukta-mkato kutenganisha safu, na koma kwa desimali. Matokeo yake kila mstari unajikusanya wote ndani ya safu A, na ukishautenganisha, 45.3 inabaki maandishi, imelala upande wa kushoto wa kisanduku, na SOMME inakupa 0. Dawa ni mbili. Ama shusha faili la Excel badala ya CSV, ama fungua kwa kupitia «Données», kisha «À partir d'un fichier texte/CSV», na uchague koma kuwa kitenganishi. Namba zikibaki maandishi, piga Ctrl+H ubadilishe nukta iwe koma, lakini kwenye safu za miaka tu. Ukibadilisha faili zima unaharibu na kodi za viashiria.

Kichwa cha jedwali hakiko mstari wa 1. Katika CSV kiko mstari wa 5, katika Excel mstari wa 4; juu yake kuna jina la chanzo na tarehe ya kusasishwa. Tarehe hiyo usiifute, utaihitaji. Safu zinaanzia 1960, lakini makadirio ya modeli yanaanzia 1990, kwa hiyo safu 30 za mwanzo ni tupu. Si kosa la faili. Tafuta MUS na LKA kwenye safu ya kodi za nchi, nakili mistari hiyo miwili, kisha «Collage spécial», «Transposé», ili miaka ishuke chini na nchi zikae juu.

Ipo pia DataBank, duka la pili la Benki hiyohiyo, ambalo linakuruhusu kuchagua nchi, viashiria na miaka kabla ya kushusha. Kwenye kompyuta ni nzuri. Kwenye simu inachosha, madirisha yake yanabanana na unabofya usichokusudia. Ina tabia mbili za kuzijua. Mwaka unaandikwa 1990 [YR1990], hivyo Excel hauuoni kuwa namba. Na mahali pasipo na data panawekwa nukta mbili, «..», ambazo ni maandishi: MOYENNE inaziruka kimyakimya, lakini ukitoa Morisi kwa Sri Lanka unapata #VALEUR!. Futa nukta hizo zibaki nafasi tupu. Usiweke 0 hata kidogo, maana 0 inasema hakuna hata mtu mmoja katika nchi nzima anayefanya kazi.

Anayetumia programu atapenda mlango wa nyuma: api.worldbank.org/v2/country/MUS;LKA/indicator/SL.TLF.CACT.ZS?date=1990:2023&format=json&per_page=100. Ni kilobaiti chache tu. Ile per_page=100 si pambo. Ukiiacha, huduma inakupa mistari 50 kwa ukurasa, wakati nchi 2 kwa miaka 34 ni mistari 68. Nchi ya pili inakatwa katikati, grafiki inachorwa vizuri tu, na hakuna onyo lolote. Wenye R au Stata, ambazo ni programu za takwimu, wana njia yao: R ina kifurushi cha WDI, Stata ina wbopendata. Vyote viwili vinashughulikia kurasa vyenyewe.

Kwa huduma yenyewe, basi, hatuna lawama kubwa. Lawama yetu ni kwa ule mstari wa grafiki.

Mstari wa modeli ni laini, hauna pengo, una namba kila mwaka tangu 1990. Mtu akiutazama anadhani kila mwaka kuna wachunguzi waliozunguka nyumba kwa nyumba. Chukua kipimo unachokijua: weka COD, yaani kwetu Kongo. Utaona namba kila mwaka bila kuruka. Enquête 1-2-3 ya kitaifa, ule utafiti wa kaya unaouliza habari za kazi, ilifanyika 2005 na 2012. Miaka mingi ya katikati, na mingi iliyofuata, imejazwa na hesabu ya modeli inayotazama uchumi, idadi ya watu na nchi zinazofanana nasi. Modeli si uongo, ni makadirio, na BIT wanalisema hilo waziwazi kwenye maelezo yao. Lakini mwanafunzi anayeandika kwamba «ushiriki ulipanda kwa pointi 0.3 mwaka 2009» kwa nchi isiyofanya utafiti mwaka huo anachambua kazi ya kompyuta ya BIT kule Geneva.

Dawa ni kushusha SL.TLF.CACT.NE.ZS ya nchi zako mbili na kuiweka kando ya ile ya modeli. Palipo na namba ya NE, kuna utafiti au sensa nyuma yake. Palipo tupu, punguza sauti. Kwa jozi yetu hali si mbaya: Sri Lanka ina utafiti wa nguvukazi wa kila robo mwaka ulioanza 1990, na Morisi ina utafiti wa kaya unaoendelea mwaka mzima. Mwenye kuchagua Komoro au Sao Tome atakuta nafasi tupu nyingi zaidi ya namba, na ni afadhali alijue hilo kabla profesa hajatia sahihi kwenye kichwa.

Hapo ndipo ILOSTAT inapoingia. Tovuti yake ni nzito, ina Kifaransa, na mara ya kwanza inatisha kwa wingi wa vichujio. Kodi za kukariri ni mbili: EAP_2WAP_SEX_AGE_RT_A ni makadirio ya modeli, EAP_DWAP_SEX_AGE_RT_A ni namba za nchi. Ukishusha ya pili, kila namba inakuja na safu ya chanzo: utafiti wa nguvukazi, sensa, au utafiti mwingine wa kaya. Kuna na safu za maelezo zinazokuambia mfululizo ulikatika wapi, umri gani ulitumika, sehemu gani ya nchi haikufikiwa. Safu hizo watu huzifuta ili jedwali lipendeze. Ndizo zenye thamani. Chuja umri kwa AGE_YTHADULT_YGE15 upate 15 na zaidi. Usipochuja, vikundi vyote vya umri vinajipanga juu ya kimoja, na wastani utakaoupata hauna maana yoyote. Kwenye R kifurushi ni Rilostat.

Kwa nini maelezo hayo ni muhimu kwa visiwa hivi? Sri Lanka ilikuwa ikihesabu kuanzia miaka 10. Tangu 2013 inahesabu kuanzia 15. Watoto wa miaka 10 hadi 14 karibu wote wako shuleni, kwa hiyo walikuwa wanaongeza kigawanyo bila kuongeza wafanyakazi. Walipotolewa, kiwango kiliruka juu kwa mwaka mmoja bila mtu yeyote kupata kazi mpya. Tena, kwa sababu ya vita, mfululizo wa kawaida wa miaka ya mwanzo uliacha nje mikoa ya Kaskazini na Mashariki. Vita viliisha Mei 2009, na kuanzia 2011 wilaya zote zimo. Morisi nayo ofisi yake ya takwimu inachapisha nguvukazi ya miaka 16 na zaidi. Ukichukua PDF ya Colombo (Sri Lanka) ya mwaka 2005 na PDF ya Port Louis (Morisi) ya mwaka huohuo ukaziweka kwenye jedwali moja, mmoja amepima bunga kwa meka na mwingine kwa kilo. Modeli ya BIT inasawazisha tofauti hizo, na hapa lazima tuipe haki yake: kwa mwelekeo wa miaka mingi, modeli ni salama kuliko kujiokotea PDF.

Kuna na badiliko la mwaka 2013 lenyewe. Mkutano wa 19 wa wanatakwimu wa kazi, Geneva, uliamua kwamba ajira ni kazi ya malipo au ya faida. Anayelima kwa ajili ya kula na familia yake tu hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Nchi zinazohamia kanuni hiyo zinaweza kuona ushiriki wa vijijini ukianguka ghafla. Kwa Morisi athari ni ndogo, maana wakulima wa kujilisha ni wachache. Kwa Madagaska ni habari nyingine kabisa. Angalia kanuni iliyotumika kabla ya kutafuta sababu za kiuchumi.

Basi jozi yetu inasema nini? Ukitazama watu wote kwa pamoja, Morisi iko juu ya Sri Lanka. Watu wengi wanaishia hapo. Tenganisha jinsia uone. Mwaka 2019 wanaume wa nchi zote mbili walikuwa juu kidogo ya asilimia 70, hakuna cha kubishania. Wanawake wa Morisi walikuwa karibu 45, wa Sri Lanka 34.5. Pengo lote liko kwa wanawake. Aliyepakua kodi ya jumla peke yake ataandika kurasa 40 bila kugusa jambo lenyewe, kwa hiyo kodi za FE na MA ni za lazima.

Morisi ilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, na viwanda hivyo vya nguo vilivuta wanawake kwa wingi. Sri Lanka ilifungua eneo lake la Katunayake mwaka 1978, nalo likajaa wasichana wa kushona, lakini ushiriki wa wanawake kitaifa umekaa miaka mingi karibu na theluthi moja. Mkataba wa nyuzi uliokuwa ukigawa soko la nguo kwa kota uliisha mwanzoni mwa 2005, na hapo mtafiti ana swali zuri: wanawake wa Morisi walitoka kwenye nguvukazi viwanda vilipofungwa, au walihamia hoteli na ofisi? Mstari wa FE tangu 2005 utakuonyesha kwamba hawakurudi nyumbani kwa wingi. Sri Lanka baadaye imeshuka: watu wote kutoka asilimia 52.3 mwaka 2019 hadi 48.6 mwaka 2023, wanawake hadi 31.3. Katikati ya miaka hiyo kuna Covid, na kuna 2022, nchi iliposhindwa kulipa madeni ya nje na foleni za mafuta zikafunga barabara.

Jambo moja halimo katika grafiki yoyote. Viwanda vya Morisi vina wafanyakazi wa kigeni, wakiwemo Wasri Lanka, na takwimu za nguvukazi zinazochapishwa pale ni za Wamorisi. Wageni wanahesabiwa kando. Mwanamke wa Sri Lanka anayeshona Morisi, au anayefanya kazi za ndani nchi za Ghuba, hayumo katika utafiti wa kaya wa Colombo kwa sababu haishi huko. Anafanya kazi kutwa, na mistari yote miwili inampita.

Tulimwacha mzee wa miaka 80. Visiwa vyote viwili vinazeeka, na kiwango cha 15 na zaidi kinaadhibu nchi inayozeeka. Tuseme kuna watu 100: 80 chini ya miaka 65, ambao asilimia 75 kati yao wako kwenye nguvukazi, na wazee 20, ambao ni asilimia 10 tu. Ni watu 60 na 2, kiwango ni 62. Baadaye vijana wawe 70 na wazee 30, tabia isibadilike hata chembe: 52.5 na 3, kiwango ni 55.5. Pointi 6.5 zimepotea, na hakuna aliyeacha kazi. Ndiyo maana tunapendekeza SL.TLF.ACTI.ZS kwa ulinganisho wa muda mrefu, au kundi la miaka 25 hadi 54 kutoka ILOSTAT, ambalo linaondoa wanafunzi na wastaafu kwa mpigo mmoja.

Na tafadhali, kutoka 40 hadi 45 ni ongezeko la pointi 5, au la asilimia 12.5. Si la asilimia 5. Jury ya Lubumbashi inapenda kulikamata kosa hilo.

Kuhusu tovuti nyingine zinazojitokeza juu kwenye utafutaji, nyingi zinachukua namba hizihizi za Benki ya Dunia na kuzipaka rangi, bila kodi ya kiashiria. Our World in Data angalau inataja chanzo na grafiki zake ni safi. Zilizobaki ziacheni.

Namba za modeli zinahesabiwa upya kila mara data mpya au makisio mapya ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa yanapotoka, na marekebisho yanarudi nyuma hadi 1990. Namba ya 2010 iliyo ndani ya TFC ya mwaka 2016 inaweza kutofautiana na ile utakayoshusha leo, na zote mbili zilikuwa sahihi siku zake. Usiunge jedwali la zamani na la sasa. Ukitaka kujua mwenzako aliona nini wakati huo, DataBank ina hifadhi ya matoleo ya zamani ya viashiria vyake, kitu ambacho watumiaji wachache wanakijua na ambacho tungekilipia kama kingekuwa cha kulipia.

Kwa alama, tovuti ya Benki ya Dunia tunaipa 8 kwa 10, DataBank 6, ILOSTAT 8 kwa mwenye kompyuta na 5 kwa mwenye simu. Data za Benki zina leseni ya CC BY 4.0, unaruhusiwa kuzichapisha ukitaja chanzo. Chini ya kila jedwali andika kodi ya kiashiria, tarehe ya kusasishwa iliyo juu ya faili, na siku uliyoshusha. Na faili lenyewe lihifadhi kwenye klé ya USB kabla ya kwenda kuprint, maana umeme ukikatika kwenye kibanda cha fotokopi, yule kijana hana nakala yako.